Mkimbizi naye ana haki ya kuchagua koti lake

Ndugu msomaji, wahenga walisema cha kuazima hakistiri matako. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni na nikaicheka kama watoto wote wanavyoicheka. Maana yake nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima wa miaka 42, siku ya Idi el Fitri, mwezi wa Mei 2022, hapa Saint-Josse-ten-Noode, Brussels.

Asubuhi ile baada ya swala tulisimama na wenzangu kando ya barabara tukapiga picha. Mwezi wa Mei hapa asubuhi bado kuna baridi, kwa hiyo juu ya kanzu nilikuwa nimevaa koti. Picha nikaituma kwa mama yangu, Buyenzi, Bujumbura. Nilitegemea dua, na dua ilikuja. Lakini baada ya dua mama aliongeza swali moja katika ujumbe wake wa sauti: "Mwanangu, hilo koti ni la nani?"

Nikamjibu haraka kwamba ni langu. Ujumbe wake wa pili ulichelewa kidogo. "Haya," alisema. "Lakini huyo anayelivaa simjui."

Leo nataka kuandika juu ya koti hilo. Najua wapo watakaosema: nchi zetu zinaungua, Kongo ya Mashariki watu wanalala nje, wenzetu wamo magerezani, na huyu anatuletea habari za nguo! Naomba subira. Mimi ni mwandishi wa habari za siasa, na kwa maoni yangu jambo hili ni la siasa kuliko tunavyodhani.

KOTI LILIVYOKUJA

Nilikuwa mtangazaji wa redio Bujumbura. Kwa asiyekumbuka, tarehe 13 Mei 2015 palitokea jaribio la mapinduzi dhidi ya Rais Pierre Nkurunziza. Usiku ule na siku iliyofuata, vituo vya redio binafsi, zikiwemo RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Radio-Télé Renaissance, vilishambuliwa na kufungwa. Makumi ya waandishi tulikimbia nchi. Mimi niliondoka na begi moja la mgongoni. Ndani mlikuwa na vyeti, kinasa sauti, shati mbili na suruali moja. Nilikaa Kigali zaidi ya miaka miwili, kisha mwishoni mwa 2017 nikafika Ubelgiji.

Katika kituo cha kupokelea waomba hifadhi nilipewa nguo za baridi. Bwana aliyekuwa akigawa alinitazama mara moja, akachomoa koti la rangi ya kahawia kwenye rundo, akanipa, akamwita anayefuata. Lilikuwa kubwa kwangu kwa namba mbili. Mabega yaliteremka, na mikono ilifika kwenye kucha. Lakini lilikuwa zito na lilinikinga na baridi. Sina kinyongo na bwana yule wala na aliyelitoa. Anayekupa koti mwezi wa Desemba katika nchi hizi amekupa uhai, na asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hakimtoshi.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Nilipata hati. Nilipata chumba Saint-Josse. Nilipata kazi ya usiku ya kupanga maboksi ghalani. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na koti ni lile lile. Suruali nazo zilikuwa za kupewa. Viatu vilikuwa vya mtu ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa na tabia yake, na soli iliniambia hivyo kila siku. Nilijipa sababu nzuri: mimi niko hapa kwa muda tu, kesho kutwa narudi nyumbani, ya nini kununua nguo? Na kila euro iliyobaki iende kwa mama na kwa ada za watoto wa dada yangu.

Ndugu msomaji, ukimsikia mtu aliye ughaibuni miaka mitano akisema yuko hapa kwa muda tu, mtazame nguo zake. Utajua kama anaishi au anasubiri.

NENO "CHAGUA"

Mtu anaweza kuniuliza: je, huko kwenu hamvai mitumba? Tunavaa sana! Nimekulia ndani ya mitumba. Shati lililokuja kutoka Ulaya au Marekani ndilo lililonipeleka shule, na ndilo nililovaa siku ya kwanza kusoma habari redioni. Basi tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika neno moja. Majirani zetu wa Rwanda nguo hizo huziita caguwa, na neno hilo limetoka kwenye Kiswahili chetu: chagua. Katika masoko yetu muuzaji anasimama juu ya rundo anapiga kelele, "Chagua, chagua!" Na mama mwenye faranga chache mkononi anainama, anapekua, anainua blauzi juani, anaangalia kwapa, anavuta mshono, anaikataa, anachukua nyingine, anagombana bei, anaondoka, anaitwa arudi. Mama yule ni maskini, lakini kwa nusu saa ile yeye ndiye hakimu. Nguo aliyoondoka nayo ni yake kwa sababu alikataa kumi kabla yake.

Kwenye kituo nilipewa nguo zile zile, pengine zilitoka kwenye rundo lile lile ambalo lingefungwa robota na kupelekwa kwetu. Lakini hapakuwa na chagua. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mama. Mtu anaweza kuvaa nguo kuukuu akabaki na heshima yake yote. Heshima inaanza kupotea pale anapozoea kuchaguliwa kila kitu: chumba, chakula, saa ya kulala, wakili, koti. Baada ya muda anasahau kwamba aliwahi kuwa na maoni.

Mimi, mtu ambaye kazi yangu ilikuwa kutoa maoni, nilikuwa nimesahau.

KITI CHA NYUMA

Saint-Josse ni manispaa ndogo kuliko zote Ubelgiji kwa eneo, kilomita moja ya mraba na kidogo, yenye wakazi kama 27,000 waliobanana. Upande mmoja kuna stesheni ya Kaskazini na maduka ya vitambaa ya rue de Brabant, ambako unasikia Kiarabu cha Moroko. Ukipanda Chaussée de Haecht unasikia Kituruki, unanusa mkate wa moto na nyama ya kuchoma. Wapo Waguinea, Wakongo, Wasyria, Wabulgaria, na sisi Warundi wachache. Ni mtaa wa watu wa kawaida, na hakuna anayekutazama mara mbili ukipita na kanzu au na koti la ajabu.

Lakini ukitembea dakika chache kuelekea kusini unaingia mtaa wa taasisi za Umoja wa Ulaya. Huko mavazi ni lugha. Suti za bluu, mitandio ya hariri, viatu vinavyolia sakafuni. Na huko ndiko habari za nchi yangu zinakojadiliwa. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi. Februari 2022 ukaondoa hatua hizo.

Katika siku zile za Februari 2022 nilialikwa kwenye kikao kimoja cha mazungumzo juu ya uamuzi huo. Nilikuwa na maswali matatu niliyoyaandika usiku mzima. Waandishi wangapi wamerudi nyumbani? Nani atahakikisha ahadi zinatimizwa? Walioko gerezani je? Nilifika mapema, nikakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Ukumbini kulikuwa na joto na watu wote walivua makoti, ila mimi. Chini ya koti nilikuwa na sweta lenye jina la timu ya mpira wa mikono ambayo sijawahi kuisikia. Muda wa maswali ulipofika sikunyosha mkono. Niliogopa kwamba nikisimama wataliona koti kabla ya kusikia swali.

Mtu mwingine aliuliza swali jepesi, wakapiga makofi, tukatoka. Nilirudi kwa miguu nikiwa na maswali yangu mfukoni. Mimi niliyewahuji mawaziri bila woga, nikanyamazishwa na sweta!

Utaniambia ulikuwa udhaifu wangu, mwanaume wa kweli anasema hata akiwa na matambara. Pengine. Wapo mashujaa wa namna hiyo na nawaheshimu. Lakini wengi wetu si mashujaa. Sisi ni watu wa kawaida tunaohitaji kusimama wima ili sauti itoke.

WATAWALA WANAJUA SIRI HII

Anayesema nguo ni upuuzi, aulize kwa nini wenye nguvu wanaihangaikia kiasi hicho.

Zanzibar, kabla utumwa haujafutwa kisheria mwaka 1897, mtumwa alijulikana kwa kivazi: merikani isiyotiwa rangi au kaniki, na mbele ya waungwana hakuvaa kofia wala viatu. Waliopata uhuru walifanya nini? Pamoja na kutafuta ardhi na kazi, walibadilisha mavazi. Wanawake waliotoka kwenye kaniki waliingia kwenye kanga za rangi na baadaye buibui. Hawakungoja mtu awaambie wamekuwa watu huru. Walivaa uhuru wenyewe, na mji ukalazimika kuuona. Katika zama hizo akatokea Siti binti Saad, binti wa Fumba, wazazi wake watumwa, aliyeingia mjini akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka hamsini. Kwa hiyo nawaambia wale wanaosema mtu akifika arobaini mambo yamekwisha: Siti hakuambiwa hivyo, au aliambiwa akakataa.

Mobutu naye miaka ya 1970 alipiga marufuku suti na tai, akawavika Wazairwa abakosti, na jina lenyewe maana yake ni suti iporomoke. Tarehe 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, katika hotuba ile ile aliruhusu tai. Fikiria hilo, ndugu msomaji: vyama vingi na tai vilifunguliwa siku moja. Tanzania nayo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. Wakoloni, mabwana wa watumwa, marais, vijana wa chama, wote walijua kwamba anayemchagulia mtu nguo amekwisha kumchagulia nusu ya maneno yake.

NA WALE WA MATONGE?

Sasa nitajibu pingamizi kubwa. Hapa Brussels, katika manispaa ya Ixelles, uko mtaa unaoitwa Matonge, jina lililotoka Kinshasa. Huko utawaona masapeur, ndugu zetu Wakongo wa dini ya kupendeza, wafuasi wa njia aliyoitangaza marehemu Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Koti la Kijapani, viatu vya ngozi ya mamba, mwavuli hata bila mvua. Wengi huwacheka, wengine huwalaani: mtu hana kodi ya nyumba, ana viatu vya euro mia nane!

Mimi siwacheki tena. Walielewa kitu ambacho mimi nilichelewa kukielewa. Mtu ambaye mji mzima unamtazama kama mfagiaji tu ameamua kwamba Jumapili atatazamwa kwa masharti yake mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini siwafuati pia, na sababu yangu ni hii. Ukikopa ili upendeze, koti limekuwa la mkopeshaji. Ukivaa jina la fundi maarufu wa Paris ili watu wasome jina hilo mgongoni mwako, bado hawajakusoma wewe. Na ukiwa na mama au mtoto nyumbani anayengoja dawa, kila unapojitazama kwenye kioo utamwona yeye. Kujiamini kwa namna hiyo hakudumu hata hadi Jumatatu. Nimewaona vijana wakirudi ndani ya metro baada ya sherehe, wamekaa kimya, wamevaa mshahara wa miezi mitatu.

Basi njia ni ipi kwa mtu wa makamo, mwenye mfuko mdogo na majukumu makubwa?

SINDANO YA BABA

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani katika Soko Kuu la Bujumbura. Soko lile liliungua tarehe 27 Januari 2013, na vyerehani vyake viwili vikaungua nalo. Baba alikuwa na msemo wake: "Kitambaa ni cha dukani, mshono ni wa mtu." Alikuwa akimpima mteja maskini kwa muda ule ule aliompimia tajiri, na alikuwa anasema mtu akipimwa husimama vizuri bila kuambiwa.

Baada ya Idi ile nililibeba koti langu la kahawia hadi kwa fundi mmoja Mturuki katika mtaa huu, mzee mwenye duka dogo kama kabati. Kifaransa chake kibovu, changu kina lafudhi, tukaelewana. Nilimwomba alipunguze. Akalizungusha mikononi, akapapasa kitambaa, akasema ni sufi nzuri sana. Miaka mitano nalivaa koti la sufi nzuri sana na sikujua! Kisha akatoa futi yake, akanipima mabega. Nikasimama wima. Baba alisema kweli. Tangu nitoke nyumbani hakuna aliyenipima isipokuwa madaktari na polisi.

Nililipa euro 30. Wiki iliyofuata nilivaa koti lile lile, na mtu wa duka la mkate akanisalimia "Bonjour, monsieur" kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kabla. Au pengine alikuwa akiitumia siku zote, nami nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Kutoka hapo nilianza kupanga upya, polepole, bila mkopo. Niligawa nguo zote zenye majina ya timu nisizozijua. Nilibaki na chache. Nilikwenda maduka ya mitumba ya hapa hapa, na safari hii nilipekua, nikakataa, nikavuta mishono, kama yule mama wa sokoni. Nilikubali pia umri wangu. Kiuno cha 2015 hakipo tena, na mvi zimekuja bila visa. Kijana anaweza kuvaa chochote kwa sababu ujana wenyewe ni vazi. Mtu wa makamo anahitaji nguo inayomkaa, iliyo safi, yenye vifungo vyote. Na kila Ijumaa navaa kofia yangu ya mkono, hata nikienda kazini, kwa sababu hiyo nilikuwa nikiivaa kabla hawajanifukuza.

Jambo hili si la wanaume tu. Nawafahamu dada zetu hapa Brussels wanaosafisha ofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, siku sita wamevaa sare ya kampuni. Mmoja, mwenye miaka 48, aliniambia kwamba baada ya talaka na watoto kuhama alifungua kabati akakuta sare na nguo za watoto tu. Yeye mwenyewe hakuwemo. Alianza kwa kitenge kimoja, akakishona kwa mtindo anaoupenda yeye, wala si ule aliokuwa akiupenda mumewe. Leo ndiye anayeongoza mikutano ya akina mama wa jamii yetu. Sisemi kitenge ndicho kilichompa akili hiyo. Akili alikuwa nayo siku zote. Kitenge kilimkumbusha.

NINACHOOMBA

Kwa wenzangu wa ughaibuni mliofika arobaini na ushee: acheni kuvaa kama watu wanaongoja basi. Hata kama utarudi nyumbani mwakani, mwaka huu nao ni wa maisha yako. Anza na kimoja, kitengenezwe kikukae. Usikope.

Kwa ndugu mlioko nyumbani: mkimwona ndugu yenu kwenye picha amevaa vizuri, msiseme mara moja kwamba ana pesa anawaficha. Pengine ni koti la kupewa na euro 30 za fundi.

Na kwa vyama vyetu na watu wema mnaogawa nguo kwa wanaowasili: Mungu awazidishie. Lakini badala ya kumchomolea mtu nguo kwenye rundo, tundikeni nguo hizo ukutani, wekeni kioo, mwambieni achague. Mkiweza, tafuteni miongoni mwa wakimbizi hao hao fundi mmoja, mpeni cherehani. Haitagharimu sana, na atakayetoka hapo atatoka na maoni yake.

Baadaye nilihudhuria kikao kingine katika mtaa ule wa suti za bluu. Nilikaa safu ya tatu. Nilinyosha mkono, nikasimama, nikauliza juu ya waandishi walioko gerezani. Jibu nililopewa lilikuwa la kukwepa, kama kawaida yao. Lakini swali liliulizwa, na liliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Picha ya siku hiyo niliituma Buyenzi. Mama, mjane wa fundi, aliitazama akanitumia sauti: "Mabega sawa. Suruali imezidi kidogo chini, mwambie fundi apandishe."

Naomba kutoa hoja.